Bibi Kazaliwa Wapi?

Ujumbe wa sauti uliingia usiku, nimeshazima taa. Alikuwa binti wa shangazi yangu, aliyezaliwa Leicester, Uingereza, anayeongea Kiswahili cha Tanga ingawa Tanga kaijua kwa likizo tu. Alikuwa amejifungua wiki hiyo. Mtoto mzima, mama mzima, alhamdulillahi. Kisha sauti ikabadilika.

"Dada, hebu nikuulize. Mkunga kaja na fomu yake. Kaniuliza nimezaliwa wapi, nikamwambia hapahapa. Mume wangu? Derby. Nikadhani yameisha. Akaendelea: na wazazi wenu je? Nikamwambia mama yangu kazaliwa Tanga. Basi akaweka alama, akasema mtoto atapewa BCG, ile chanjo ya kifua kikuu. Wa jirani hapewi. Sasa bibi kuzaliwa Tanga kunamhusu nini mtoto wa siku tano?"

Asubuhi nilimjibu kwa kifupi, jibu la kumtoa wasiwasi: mpe, haina neno, sisi sote tunayo. Akanishukuru, akatuma picha ya mtoto, mambo yakaisha.

Kwake yaliisha. Mimi niliendelea kulibeba swali lile kwenye daladala na kwenye foleni ya benki kwa wiki kadhaa, na kilichonikera hakikuwa kwamba Waingereza wanauliza. Ni kwamba mimi na kizazi changu chote hatujawahi kuulizwa.

Chanjo isiyouliza

Kovu langu liko bega la kulia. Mkenya niliyewahi kukaa naye ofisi moja analo mkono wa kushoto, chini ya kiwiko. (Ukitaka kujua mtu kachanjwa upande gani wa mpaka wa Namanga, mwambie akunje mikono ya shati.)

Mama yangu hakuulizwa chochote. Hakuulizwa anaishi na nani, nani anakohoa nyumbani, mumewe anafanya kazi gani. Mtoto wa waziri na mtoto wa mpiga debe, wote sindano ileile, tone lilelile dogo ndani ya ngozi, kidonda kilekile kinachotunga usaha baada ya wiki chache na kuwatisha kina mama wa mara ya kwanza. Nimekua nikiiona BCG kama kunyoa nywele za mtoto: jambo linalofanyika kwa sababu mtoto amezaliwa.

Kumbe ni uamuzi. Kuna watu walikaa mezani wakaamua, na kwingine watu kama hao walikaa mezani wakaamua kinyume.

Waliobadili

Uingereza ilianza mwaka 1953 kuwachanja watoto wa shule, wa karibu miaka 14. Ilikuwa na maana wakati ule. Kifua kikuu kiliwapata sana vijana waliokuwa wakimaliza shule na kuingia viwandani, na majaribio ya Baraza la Utafiti wa Tiba la nchi hiyo yalikuja kuonyesha BCG inawakinga vijana kwa karibu asilimia 80. Vizazi vya Waingereza vilipanga mstari shuleni, mikono nje, wakitishana kuhusu ukubwa wa sindano.

Mwaka 2005 wakaacha. Ugonjwa ulikuwa umehama. Haukuwa tena umetapakaa nchi nzima. Ulikuwa umejikusanya kwenye baadhi ya mitaa ya miji na kwenye familia zenye uhusiano na nchi zenye TB nyingi. Kumchanja kila kijana wa kijijini Cornwall hakukuwa na faida tena. Badala yake wakaweka mstari: wagonjwa 40 kwa mwaka katika kila watu 100,000. Mtoto mchanga anayeishi eneo lililofikia kiwango hicho anachanjwa. Mtoto ambaye mzazi wake au bibi au babu yake amezaliwa nchi iliyofikia kiwango hicho, naye anachanjwa.

Hapo ndipo bibi alipoingia.

Ukilitazama kwa utulivu, swali lina akili. Vimelea vya kifua kikuu vinaweza kulala kifuani mwa mtu miaka thelathini, arobaini, kisha vikaamka uzeeni kinga inapodhoofu. Na nani anayekuja kukaa miezi mitatu mtoto anapozaliwa? Nani anayemshika, anayemwimbia, anayelala naye ili mama apumzike? Mkunga wa Leicester alikuwa anatafuta ni pumzi za nani zitakazokuwa karibu na uso wa yule mtoto, na likizo zake za baadaye ataenda kuvuta hewa ya nyumba gani.

Wengine walishatangulia au wakafuata. Uswidi iliacha kuwachanja wote mwaka 1975, Ujerumani ikaacha kuipendekeza 1998, Ufini 2006, Ufaransa ikaondoa ulazima 2007, Norwei ikaacha ya mashuleni 2009. Marekani na Uholanzi hazikuwahi kuwachanja watoto wote.

Si kwamba kuacha hakukuwa na gharama. Uswidi, baada ya 1975, iliona watoto wakivimba matezi ya shingo kwa sababu ya bakteria walio jamaa wa TB, ambao inaelekea BCG ilikuwa ikiwazuia kimyakimya. Hakuna aliyekuwa ameiandika faida hiyo mahali, mpaka ilipoondoka.

Kwetu mjadala wa kuacha haupo. Kigezo kimojawapo cha kimataifa cha mwaka 1994 cha nchi kufikiria kuacha ni wagonjwa wenye vimelea kwenye makohozi wasizidi 5 katika kila watu 100,000 kwa miaka mitatu. Tanzania, ukihesabu kila aina ya kifua kikuu, bado tuko zaidi ya 150. Tuendelee.

Kovu linakinga nini?

Calmette na Guérin, Wafaransa waliounda BCG, walianza kazi yao Lille mwaka 1908, na vimelea vya TB ya ng'ombe. Wakavihamisha kutoka chombo hadi chombo mara 230, miaka kumi na mitatu, vita vya kwanza vya dunia vikipita juu ya vichwa vyao, mpaka vikapoteza ukali. Mtoto wa kwanza alipewa Paris, 1921. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, hiyo bado ndiyo chanjo pekee ya kifua kikuu tunayowapa watoto wetu.

Kwa watoto wachanga inafanya kazi kubwa. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2006 ilikadiria kwamba dozi zilizotolewa kwa watoto duniani katika mwaka mmoja tu, 2002, zilizuia karibu visa 30,000 vya kifua kikuu cha utando wa ubongo, na zaidi ya 11,000 vya kile kinachosambaa mwili mzima. Aliyewahi kuona mtoto mwenye TB ya ubongo hahitaji takwimu nyingine.

Lakini endelea kusoma na ardhi inaanza kutikisika.

India, Chingleput, jaribio kubwa lililoanza 1968: kinga kwa watu wazima dhidi ya TB ya mapafu haikuonekana. Karonga, kaskazini mwa Malawi, ng'ambo tu ya Kyela: waliorudiwa dozi ya pili walipata ukoma kwa kiasi cha nusu ya wenzao, ila kwa kifua kikuu hawakupata nyongeza yoyote. Mwaka 2022 watafiti walikusanya takwimu za watu walioishi na wagonjwa wa TB katika nchi nyingi. Kwa walio chini ya miaka mitano, BCG ilipunguza ugonjwa kwa asilimia 37. Kwa vijana na watu wazima, kinga haikuonekana.

Na TB inasambazwa na nani? Na watu wazima. Anayekohoa dirishani kwenye daladala ya Mbagala–Kariakoo ana kovu kama langu.

Hili lilinikalisha. Sera isiyomuuliza mtu imewaokoa watoto wasife, na nitaitetea popote. Ila mnyororo wenyewe, wa mtu mzima kumwambukiza mtu mzima, umepita pembeni yake kana kwamba haipo.

Basi si turudie dozi? Wengi waliwaza hivyo kabla yangu. Brazili ilikuwa ikiwarudia watoto wa shule, ikafanya jaribio kubwa Salvador na Manaus, ikaacha mwaka 2006 kwa kuwa faida ilikuwa ndogo mno. Mwaka 2018 Afrika Kusini ilileta matumaini: vijana waliorudiwa BCG walionekana kuzuia maambukizi ya kudumu kwa asilimia 45. Nilipoisoma ile habari nilishangilia. Wakarudia jaribio kwa vijana wapatao 1,800, majibu yakatoka 2025. Hakuna kitu.

Namkumbuka pia nesi mmoja aliyekuwa akigeuza bega la mtoto mbele ya dirisha akitafuta kovu, halipo, akamwambia mama "huyu tutamrudia". Shirika la Afya Duniani (WHO), kwenye msimamo wake wa 2018, linasema kukosa kovu si dalili ya kukosa kinga, na wala si sababu ya kurudia. Sijui yule nesi angelipokeaje hilo. Kovu ndiyo risiti pekee aliyokuwa nayo.

Siku 28

Mwaka 2021 Uingereza ilibadili tena. BCG iliyokuwa ikitolewa mtoto akizaliwa ikasogezwa hadi siku ya 28. Sababu: walianza kuwapima wachanga ugonjwa adimu wa kuzaliwa bila kinga ya mwili, na BCG ina vimelea hai. Kumdunga mtoto wa namna hiyo ni hatari. Kwa hiyo subiri majibu, ndipo uchanje.

Uamuzi mzuri. Nikajaribu kuuleta nyumbani, maana na sisi tunalo tatizo la aina hiyohiyo, tena kubwa zaidi. Mwaka 2007 WHO lilisema mtoto aliyethibitika kuwa na VVU asipewe BCG. Kipimo cha mtoto kwa kawaida hufanyika akiwa na wiki nne hadi sita. BCG hutolewa siku za kwanza. Kwa mantiki ya Leicester, tungesubiri.

Tukisubiri, nini kitatokea?

Kule kompyuta itamwita mtoto, barua itafika, simu itapigwa. Huku mama aliyejifungulia mjini anarudi kwao Handeni baada ya arobaini, kama si kabla. Wiki sita ni mbali. Katika wiki hizo sita ndani ya nyumba yumo babu anayekohoa tangu mavuno. Kwa hiyo tunadunga mapema, pamoja na shaka yote, na WHO lenyewe linakubali kwamba ambapo hali ya mama haijulikani mtoto achanjwe, faida ni kubwa kuliko hatari. Tangu 2018 hata watoto wenye VVU walio kwenye ARV na afya yao imetulia wanaweza kupewa. Na dawa kwa wajawazito zimepunguza sana idadi ya watoto wanaozaliwa na virusi, zikaupunguzia uamuzi huu uzito.

Siku 28 zilezile. Kule zinamlinda mtoto, huku zingempoteza.

Tangu hapo nikisikia mtu anasema "kwa wenzetu wameshabadili" namuuliza kwanza: wenzetu hao wana nini kinachomrudisha mtoto kliniki?

"Njoo Jumatano"

Nilisema sera yetu haiulizi. Inauliza kitu kimoja, kwa sauti ya chini: umezaliwa siku gani?

BCG inakuja kwenye kichupa cha dozi 20. Unga unayeyushwa kwa maji yake maalumu, na baada ya saa sita kilichobaki kinatupwa. Kwenye hospitali ya mkoa haina shida, watoto wapo. Kwenye zahanati ambako wanazaliwa watatu kwa wiki, nesi anafungua kichupa kwa mtoto mmoja na kumwaga dozi 19? Mwongozo wa kimataifa unasema ndiyo, afungue hata kwa mmoja. Ripoti ya mwisho wa mwezi inamsubiri na safu ya dozi zilizoharibika, na msimamizi atakayeuliza kwa nini.

Basi anasema, "Mama, njoo Jumatano, tunawakusanya." Mama kapanda bodaboda kwa pesa ya kukopa. Jumatano anaweza kuja. Anaweza asije.

Nimezungumza na wauguzi wawili juu ya hili, wote wa zahanati za vijijini, na wote walicheka kabla ya kujibu. Mmoja alisema anafungua kila mara, na kwenye ripoti "anajua mwenyewe". Mwingine ana siku yake ya BCG na haoni haya, kwa sababu mara mbili ameishiwa chanjo katikati ya mwezi. Na kuishiwa si hadithi: mwaka 2025 Kenya nzima ililia uhaba wa BCG na ya polio, kina mama wakizunguka na wachanga vituo kwa vituo.

Wizara inaweza kuandika "mara tu baada ya kuzaliwa" kwa wino wa dhahabu. Kichupa ndicho kinachoamua.

Swali linakuja kwetu

Kuna chanjo mpya ya kifua kikuu inaitwa M72. Jaribio la awali lilifanyika Kenya, Zambia na Afrika Kusini kwa watu wazima zaidi ya 3,500 ambao tayari walikuwa na vimelea vilivyolala. Katika miaka mitatu ilipunguza wanaougua kwa karibu nusu. Machi 2024 likaanza jaribio kubwa, la watu hadi 20,000, Kenya na Malawi zikiwemo. Majibu bado.

Sisi hatumo kwenye orodha hiyo, lakini tusijione wageni wa kazi hii. Dar es Salaam, kuanzia 2001, zaidi ya watu 2,000 wanaoishi na VVU walijitolea kwenye DarDar, jaribio la chanjo nyingine ya TB, la Muhimbili na washirika wao wa Marekani. Chanjo hiyo nyingine ilipunguza TB iliyothibitishwa kwa asilimia 39. Baadaye chanjo iliyotokana nayo ikajaribiwa kwa wanafunzi 667 wa jiji hilihili, majibu yakachapishwa 2020: haikuzuia maambukizi. Watu wa Dar walitoa mikono yao mara mbili, na ni wachache mtaani wanaolijua hilo.

Tuseme M72 imefaulu. Dozi hazitatosha watu wazima wote wa Tanzania. Hapo sera yetu, kwa mara ya kwanza, italazimika kuuliza: wewe ni nani, unafanya kazi wapi, unaishi na nani, una virusi?

Mtaani kwetu kusema "ana TB" bado watu wengi husikia "ana ngoma". Mpeleke kijana kwenye foleni ya chanjo ya "walio hatarini" halafu jirani amwone. Binti wa shangazi, mwenye pasipoti nyekundu na digrii, aliumia kwa swali la bibi tu.

Njia rahisi ni kutouliza: wachanjwe vijana wote shuleni, kama tulivyofanya na HPV, chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na 2024 tukahamia dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Njia imeshafunguliwa, walimu wanaijua. Kwa muda niliona jibu ni hilo.

Halafu nikawaza machimbo ya Mirerani.

Kifua kikuu kinawapata wanaume kuliko wanawake, na mchimbaji anayevuta vumbi la mwamba mchana kutwa shimoni mapafu yake yameshaharibiwa na vumbi kabla TB haijaingia. Hospitali ya Kibong'oto imekuwa ikiwapima wachimbaji wa tanzanite kwa sababu hiyo. Huyu hayupo darasani. Aliacha shule darasa la saba, ana miaka 27, na siku ya chanjo ya shule yuko mita mia kadhaa chini ya ardhi.

Nilirudi kuisoma sera ya Uingereza, sehemu niliyokuwa nimeiruka. Swali la bibi ni nusu yake. Nusu nyingine ni eneo. Newham na Brent, London, ziliwahi kuvuka ule mstari wa 40, na huko wachanga wote walistahili chanjo, bibi awe kazaliwa Tanga au Yorkshire. Hakuna aliyeonyeshewa kidole kwa sababu hakuna aliyebaguliwa kwenye mtaa wake.

Ningeanzia hapo. Usiwaite wachimbaji, ichanje Mirerani. Mchimbaji, mama lishe, dalali, mwalimu, askari wa pale getini. Swali liwe "unaishi wapi?", ambalo mtu analijibu bila kuangalia chini. Pungufu lake nalijua: wafungwa na wanaoishi na VVU wametawanyika, hao watahitaji njia nyingine, na wenye VVU angalau wanayo kliniki yao ambako tayari wanaaminiana na wahudumu.

Linalobaki kunitesa ni dogo zaidi. Kwenye majaribio M72 imetolewa dozi mbili, mwezi mmoja katikati. Mchimbaji akisikia madini yametoka Tunduru au Mahenge, mwezi haumkuti Mirerani. Na mtu mzima wa nchi hii hana kadi ya kliniki. Ya kwake ya utotoni iliungua, ilipotea, ililiwa na mchwa kwenye sanduku la mama. Dozi ya pili ataitiwa wapi, na nesi wa Mahenge atajuaje kwamba ya kwanza alishapata? Daftari hilo linaweza kuanza kujengwa sasa hivi, kabla hata ya matokeo ya jaribio kutoka, na halihitaji kibali cha mtu yeyote nje ya Dodoma.